Raia Ameulizwa Mara Nyingi: Je, Amesikilizwa?

Kila mara uchaguzi unapokaribia, hapa kwetu Kama na pande zote za Maniema husikika neno moja: "Nipige kura ya nini? Vyama vyote ni vile vile." Wako wazee walisemao, wako na vijana. Wasemao hivyo si wavivu, wala si adui wa nchi yao. Wengi wao walipata kutembea kutwa nzima kwenda kupiga kura, wakasimama juani katika mstari mrefu, wakarudi nyumbani na wino kidoleni na furaha moyoni. Ikiwa leo wamechoka, yatupasa kuuliza uchovu huo umetoka wapi.

Tena si maneno ya barazani tu. Hesabu yenyewe yaonyesha. Mwaka 2006, katika kila watu mia walioandikwa, 70 walikwenda kupiga kura. Mwaka 2011 walikwenda karibu 59. Mwaka 2018 walikuwa chini ya 48. Mwaka 2023 walibaki kama 43. Ni kweli wengine walizuiwa na vita, na njia mbaya, na vituo vilivyochelewa kufunguliwa. Lakini mto ukipungua maji mara tatu mfululizo, mwenye busara hasemi ni jua la siku moja. Hupanda juu kutazama chemchemi.

Basi nasi tupande juu, tuitazame historia yetu. Tutaona ya kuwa watawala wa Kongo wamewauliza raia mara nyingi. Ila kuuliza ni jambo moja, na kusikiliza ni jingine.

Vyama vilivyozaliwa kwa haraka

Serikali ya Ubelgiji ilitawala Kongo tangu 1908 pasipo kumwuliza mwenyeji ni nani amwakilishe. Kura za kwanza zilipigwa Desemba 1957, nazo katika miji mitatu tu: Leopoldville, Elisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Zilikuwa kura za madiwani wa mitaa ya miji. Mtu wa Maniema hakuulizwa neno.

Halafu mambo yakaenda mbio. Tarehe 4 Januari 1959 fujo kubwa ikatokea Leopoldville, na siku tisa baadaye mfalme Baudouin akaahidi uhuru. Mwanzo wa 1960 viongozi wakaitwa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara, na siku ikawekwa: 30 Juni 1960. Chama cha MNC kilikuwa kimeanzishwa Oktoba 1958, na katikati ya 1959 kilikuwa kimekwisha gawanyika, nusu kwa Lumumba na nusu kwa Kalonji. Vyama vingine vilizaliwa kwa wingi hata vikakaribia mia, na vingi vilikuwa vya kabila moja au vya jimbo moja. Abako ilikuwa ya Wakongo wa Bas-Congo, Conakat ya Katanga, Cerea ya Kivu. Havikupata muda wa kukaa na mkulima na kumwuliza haja yake. Vilipata muda wa kumwahidi tu.

Hata hivyo raia wa siku zile hakuwa kipofu. Kulikuwa na chama cha PNP, kilichojulikana kupendwa na wakubwa wa Kibelgiji. Watu wakazigeuza herufi zake kwa mzaha, wakasema maana yake ni chama cha weusi waliolipwa. Hayo ndiyo maoni ya raia: hayakuandikwa katika daftari, lakini kila mtu aliyajua.

Kura zikapigwa Mei 1960 kwa viti 137 vya Bunge. MNC ya Lumumba ilipata viti 33, ikawa ya kwanza. Walakini ilikuwa mbali na nusu, ikalazimika kutafuta washirika. Maniema, wakati ule ikiwa wilaya ya jimbo la Kivu, ilikuwa ngome yake mojawapo. Tukumbuke pia ya kuwa wanaume tu ndio waliopiga kura. Mama zetu, waliolima mpunga na mihogo iliyolisha nchi, hawakuulizwa.

Wabunge walipokwisha kukaa katika viti vyao, walifanya jambo lililobaki katika masikio ya watu: walijipandishia mshahara hata ukafika faranga 500,000 kwa mwaka, wakati karani na askari walikuwa wakingoja matunda ya uhuru. Kisha ugomvi ukaja juu ya ugomvi. Septemba 1960 Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walifukuzana, Kanali Mobutu akawanyamazisha wote wawili, na Bunge likafungwa. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Bunge lilifunguliwa tena Julai 1961 kule Lovanium, na Septemba 1963 Rais akalifunga mara nyingine. Hivyo, katika miaka mitatu na kidogo, wale waliotumwa na raia kusema kwa niaba yao walikuwa wameondolewa mara mbili. Ahadi ni deni, na deni lilikuwa halijalipwa.

Uhuru wa pili

Yaliyofuata, Maniema haijayasahau. Mwanzo wa 1964 Pierre Mulele aliwasha maasi huko Kwilu, naye Gaston Soumialot akafanya vivyo hivyo upande wa mashariki. Neno walilolitumia lilikuwa fupi: uhuru wa pili. Uhuru wa kwanza, walisema, ulikuwa wa wakubwa waliorithi nyumba na magari ya Wabelgiji; sasa utakuja uhuru wa watu wadogo. Neno hilo lilipenya kwa sababu lilisema wazi yale ambayo raia alikuwa akiyanung'unikia kwa siri. Uvira ilianguka Mei, Kindu ilianguka mwisho wa Julai 1964, na Stanleyville mwanzo wa Agosti.

Wako waliowapokea Simba kwa shangwe. Lakini shangwe haikukaa. Kindu ikaona damu: makarani, walimu, wakubwa wa serikali na watu wa vyama vingine walikamatwa na kuuawa, hata ambao kosa lao lilikuwa kujua kusoma tu. Mwezi wa Novemba jeshi la serikali pamoja na askari wa kukodiwa waliurudisha mji, na damu nyingine ikamwagika. Mkulima aliyekuwa ametaka barabara, shule na bei nzuri ya mazao yake alikimbilia msituni, akiwakimbia hawa na hawa.

Hatusemi ya kuwa kila manung'uniko huzaa vita. Maasi yale yalikuwa na sababu nyingine pia, na wakubwa wa mataifa ya nje walitia mikono yao. Lakini twasema hivi: manung'uniko ya raia yasipopata mlango wa haki wa kutokea, mtu mwenye bunduki huja kuyafungulia dirisha.

Chama kimoja na karatasi za rangi mbili

Mwaka 1965 watu walichagua Bunge jipya. Muungano wa Tshombe, ulioitwa Conaco, ulipata viti 122 katika 167. Lakini Kasavubu alimwondoa Tshombe mwezi wa Oktoba, Bunge likamkataa Kimba aliyewekwa mahali pake, na tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akaitwaa serikali yote. Yafaa kukiri ya kuwa wengi walifurahi. Walikuwa wamechoshwa na kelele za vyama, wakadhani heri sauti moja itakayoleta utulivu.

Utulivu wa namna fulani ulikuja, lakini sauti ya raia ikapotea. Mei 1967 chama cha MPR kilianzishwa, na baadaye ikawa sheria ya kuwa kila Mzaire ni mwanachama tangu kuzaliwa, akitaka asitake. Mwaka 1970 watu waliitwa kumchagua Rais. Mgombea alikuwa mmoja. Karatasi zilikuwa za rangi mbili: ya kijani kukubali, nyekundu kukataa. Ilitangazwa ya kuwa waliokataa katika nchi nzima ni 157 tu! Mwaka 1975 hata karatasi hazikuhitajiwa: majina ya wabunge yalisomwa hadharani, na makofi ya watu yakahesabiwa kuwa kura.

Je, mtawala apigiwaye makofi na wote ajua nini juu ya watu wake? Hajui lo lote. Amejipofusha mwenyewe. Novemba 1980, wabunge 13 wa chama hicho hicho walithubutu kumwandikia Rais barua ndefu ya kumwonyesha makosa ya utawala. Walifungwa na kuhamishwa, nao ndio shina la chama cha UDPS kilichozaliwa Februari 1982.

Barua 6,128

Ndipo lilipotokea jambo ambalo ni la namna yake katika historia yetu. Tarehe 14 Januari 1990 Mobutu alitangaza ya kuwa atawauliza watu maoni yao juu ya utawala. Alizunguka nchini, na maandiko yakamiminika. Maaskofu wa nchi nao waliandika lao, wakilaumu utawala wenyewe pasipo kuficha. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Rais alitoa hesabu: amepokea maandiko 6,128. Katika hayo, 5,310, yaani 87 kwa mia, yalitaka mageuzi makubwa ndani ya MPR. 818, yaani 13 kwa mia, yalitaka vyama vingi. Hata hivyo akatangaza ya kuwa vyama vingi vitaruhusiwa, vitatu kwanza.

Hapo pana fundisho. Hesabu zile zilikuwa na sura ya ukweli, lakini zilitoka kwa nani? Zilitoka kwa wenye kujua kuandika, wenye kuthubutu kuandika, na wenye njia ya kulifikisha andiko mbele ya Rais. Mama wa kijijini, mchuuzi wa sokoni na mchimbaji wa madini hawakuwamo. Kupokea barua nyingi si kuijua nchi.

Vyama vikafunguliwa vyote, vikapita mia mbili katika muda mfupi. Vingine vilikuwa vya kweli. Vingine watu waliviita vyama vya tumbo, kwa kuwa vilianzishwa ili mwenye chama apate kula. Wakati Mkutano Mkuu wa Taifa ulipofungwa na serikali, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari 1992, wakiomba ufunguliwe tena. Wako waliouawa siku ile. Mkutano ulifunguliwa chini ya Monsinyori Monsengwo, ukamaliza kazi Desemba 1992, lakini uchaguzi ulioahidiwa haukuja. Zilikuja vita za 1996 na 1998, na Maniema ikapitiwa na zote mbili.

Konzi moja ya mpunga

Sasa tuseme juu ya njia nyingine ya kujua maoni ya watu, isiyo kura wala barua. Mnunuzi wa mpunga hafungui gunia zima na kulihesabu punje kwa punje. Huchota konzi moja. Lakini akiwa mjanja hachoti juu tu, mahali mwenye gunia alipopanga punje nzuri; huingiza mkono juu, katikati na chini. Konzi hiyo ndogo humwambia habari za gunia lote. Uchunguzi wa maoni ya raia ndio huo: kuwauliza watu wachache waliochaguliwa bila upendeleo, wanaume kwa wanawake, wa mjini na wa shambani, wa kila jimbo.

Wamarekani walijifunza jambo hili mwaka 1936. Gazeti moja lililoitwa Literary Digest lilituma karatasi milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza ya kuwa Landon atamshinda Rais Roosevelt. George Gallup aliuliza watu wachache sana kuliko hao, lakini aliwachagua kwa uangalifu, akasema Roosevelt atashinda. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Gazeti lilikuwa limewaandikia hasa wenye simu na motokaa, yaani lilichota juu ya gunia.

Watu wa Gallup huuliza pia kama raia anaridhika na Kongresi, ndilo Bunge la kule. Novemba 2013 walioridhika walikuwa 9 tu kwa mia. Basi tusidhani ya kuwa uchovu wa vyama ni ugonjwa wa Waafrika peke yao. Sisi nasi tuna Kongresi: Katiba yetu ya 2006 yaliita hivyo Bunge la Taifa na Seneti wakikaa pamoja.

Huku kwetu uchunguzi wa namna hiyo ulifanywa mwaka 2016 na kundi la utafiti wa Kongo la Chuo Kikuu cha New York, pamoja na ofisi ya BERCI ya Kinshasa. Waliulizwa watu 7,545 katika majimbo yote 26. Zaidi ya 81 kwa mia walikataa Katiba igeuzwe ili Rais Kabila agombee mara ya tatu. Neno hilo lilisikilizwa nusu. Kwa msaada wa maaskofu, mapatano yalitiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2016. Uchaguzi ukacheleweshwa hata 30 Desemba 2018, na katika kuungoja Wakristo wengine walipoteza maisha katika maandamano. Lakini Kabila hakugombea tena.

Kabla ya kura za 2018, kundi lile lile liliuliza tena. Lilipata 47 kwa mia kwa Fayulu, 24 kwa Tshisekedi, 19 kwa Shadary. Tume ya uchaguzi ikatangaza 38.57 kwa Tshisekedi, 34.83 kwa Fayulu, 23.84 kwa Shadary. Baraza la maaskofu, CENCO, lililokuwa na waangalizi karibu 40,000 vituoni, lilisema hesabu zilizotangazwa hazilingani na zile walizokusanya. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha matokeo ya tume. Uchunguzi wa maoni si hakimu, wala haupigi kura mahali pa mtu. Lakini matokeo ya kila kituo hayakutangazwa, na raia akaachwa na hesabu mbili mkononi bila mtu wa kumpatanishia. Tukiona wachache zaidi wakienda vituoni mwaka 2023, je, tustaajabu?

Vyama kama makoti

Hasira ya raia juu ya vyama yaonekana pia katika hesabu za Bunge. Mwaka 2006 wabunge 63 katika 500 walichaguliwa bila chama cho chote. Chama cha PPRD kilichopata viti 111 mwaka huo kilipata 62 tu mwaka 2011. Raia, basi, alikuwa akitafuta pa kushika. Lakini kadiri alivyotafuta, vyama navyo viliongezeka: mwaka 2018 vilivyoandikwa vilikuwa 599. Wagombea wa viti vile 500 walikuwa zaidi ya 9,000 mwaka 2006, zaidi ya 18,000 mwaka 2011, na zaidi ya 25,000 mwaka 2023. Mwenye kusoma karatasi ya namna hiyo huchagua jina la ndugu, au jina la aliyempa fulana na chumvi, kwa kuwa hana njia ya kuyapima mengine.

Tena mwaka 2018 muungano wa FCC wa Kabila ulipata zaidi ya wabunge 300. Desemba 2020 wengi wao walihamia upande wa Rais Tshisekedi, na wengi wakawa wachache bila kura moja kupigwa. Pengine wako waliohama kwa moyo safi, hatusomi mioyo. Lakini mpiga kura hakuulizwa. Alimtuma mtu amevaa koti moja, akamwona amevaa jingine.

Yatupasayo

Katika miaka hii yote twaona njia mbili za kumkosea raia. Ya kwanza ni kutomwuliza, au kumwuliza kwa namna ambayo jibu ni moja tu, kama karatasi za kijani na nyekundu. Ya pili ni kumwuliza kwa haki na kuliweka jibu lake kabatini. Hii ya pili ni mbaya kama ya kwanza, tena yaweza kuzidi, kwa kuwa humfundisha mtu kuidharau kura yenyewe.

Nasi raia tuna sehemu yetu. Kukaa nyumbani siku ya kura si jibu linalosikika, maana kituo hakina hesabu ya sababu zetu. Asiyekuja kwa hasira na asiyekuja kwa uvivu wahesabiwa pamoja. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi mgombea akija Kama na fulana zake, tumwulize mbele ya wote: utafanya nini juu ya barabara ya Kindu, kwa fedha gani, na utarudi lini kutueleza? Tuyaandike majibu yake katika daftari ya kijiji, na tarehe. Akihama chama, aje atuambie sababu. Na siku ya kuhesabu kura, waumini wetu wakubali kazi ya uangalizi, wakae kituoni hata karatasi ya mwisho, wanakili hesabu iliyobandikwa ukutani.

Daftari hiyo ya kijiji, iliyoandikwa kwa uaminifu, ni konzi yetu ya mpunga. Yule atakaye kujua Maniema yasema nini, na aje achote.